Bibi Anakusalimia

Zulfa mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kumjulisha mtu kuwa mwenye kuandika hajambo, nyumba nzima haijambo, na kila aliyepo anatoa salamu. Hii siianzi hivyo. Mimi nna hasira. Nna hasira nawe, nna hasira na mjomba wako Hamadi, na iliyo kubwa kuliko zote ni hasira nnayo na nafsi yangu, ila hiyo nitaifikia mwisho, maana nikiitanguliza utaniona natafuta huruma, na huruma yako leo siitaki.

Uko chumba cha pili, unapanga nguo. Nakusikia unafungua kabati na kulifunga. Kesho asubuhi unaondoka tena kurudi Japani, mwaka wa pili wa skuli yako ya lugha, na wiki tatu ulizokaa hapa hatukuzungumza ila mara moja, na hiyo mara moja tulipigizana kelele mpaka Bi Zuwena wa nyumba ya mbele akafunga dirisha lake. Baada ya hapo kila asubuhi ni shikamoo mama, marahaba, basi. Nikikuita unaitika naam, unakuja, unasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa. Naam yako imenichosha. Ndiyo maana nimechana karatasi katikati ya daftari lako la kidato cha nne nikakaa jikoni kuandika. Karatasi haitaniitikia naam. Niwie radhi kwa mwandiko. Unajua mimi niliishia kidato cha pili, na tangu hapo kalamu naishika kuandika majina ya walioagiza mikate ya kumimina.

Mambo ya koti, soksi na dawa ya kifua sikuandikii. Hayo unayajua kunishinda. Wewe ndiye uliyenieleza kuwa huko taka zina siku zake, chupa siku yake, za kuchomwa siku yake, na kwamba yule bibi wa nyumba ya chini alikurudishia mfuko wako mpaka mlangoni, kwa mikono miwili, akainama, na wewe aibu ikakujaa usijue uinuke au uiname nawe. Ulinisimulia hilo kwenye simu tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Sasa najiuliza siku ile ulikuwa unacheka kweli au ndiyo mambo yale yale.

Nianze na siku uliyofika.

Mpango wangu ulikuwa hivi: nikupokee uwanjani, nikulete nyumbani, uoge, ule, kisha nikukalishe kitako nikwambie kuwa bibi yako alifariki mwezi wa kwanza. Sentensi ya kwanza nilikuwa nimeshaitengeneza. Niliifanyia mazoezi siku nne hapa jikoni, mbele ya sufuria. Lakini kwenye teksi uliniuliza mbona bibi hakuja kukupokea, nikakujibu yupo nyumbani. Yupo nyumbani, Zulfa. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huku nimekushika mkono.

Tukateremka Malindi, tukaingia uchochoroni na begi lako linapiga kelele kwenye mawe, na Bi Zuwena alikuwa amekaa barazani kwake anachambua mchele. Akainua uso, akafurahi kukuona, kisha akakumbuka, uso ukambadilika. Akakwambia, "Pole mwanangu. Pole na bibi. Mungu amuweke pema."

Yeye hana kosa. Alidhani unajua, nani asingedhani? Wewe ulisimamisha begi. Hukumtazama yeye, ulinitazama mimi. Ukauliza neno moja tu: "Lini?" Nikasema Januari. Ukahesabu kwa vidole palepale njiani, ukasema, "Mama, mimi nilisoma hotuba mwezi wa pili."

Tangu siku ile naisikia sentensi hiyo kila nikiinamia jiko.

Basi nikwambie ilivyoanza, maana hukuniuliza na mimi sikukwambia. Bibi alifariki alfajiri ya Jumamosi, akazikwa alasiri yake. Wanaume waliporudi makaburini mjomba wako Hamadi akasimama ukumbini, watu wote wamekaa kwenye mikeka, akasema Zulfa asiambiwe. Yuko masomoni, ana mitihani, hana mtu wa kumshika, atalia peke yake katika nchi ya watu. Akirudi ataambiwa. Watu wakaitikia kuwa hayo ndiyo maneno ya busara. Na kweli ndivyo tufanyavyo sisi. Kila nyumba ya mji huu iliyo na mtoto nje imeshawahi kumzikia mtu wake bila yeye kujua. Wanasema ni kumwonea huruma. Mimi nilikaa pale na mtandio wangu umelowa, nikatikisa kichwa kukubali, na mjomba wako akanishukuru kwa kuwa na moyo mgumu.

Nimemwambia juzi. Nilimfuata dukani kwake, nikamwambia lile neno lake limeniharibia mtoto. Hakuacha hata kukunja kitambaa alichokuwa anakunja. Akanijibu, "Mtoto kafaulu mtihani wake, karudi mzima. Unataka nini tena, Asma?" Nilitoka pale bila kumuaga. Lakini njiani nikaona kuwa hasira yangu kwake ina mwisho wake. Yeye alilisema mara moja. Mimi niliifanya kazi hiyo mara nane.

Jumapili ya kwanza ilikuwa kesho yake ya maziko. Saa nne ya huku, saa kumi ya kwako, kama kawaida yetu. Nyumba imejaa wanawake, wanasoma khitma, nikapanda juu darini tunapoanika nguo ili usisikie sauti za watu. Nikanawa uso kwa maji ya pipa. Ukapokea, tukaamkuana, ukauliza, "Bibi hajambo?" Nikasema hajambo, anakusalimia. Nikateremka nikarudi kwenye khitma.

Ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba ilikuwa rahisi. Ukitaka kumwona kwenye simu, nilisema kalala. Nilisema kaenda Matemwe kumtazama shangazi yako mgonjwa. Nilisema masikio yamezidi kuwa mabovu, simu haisikii. Nilimzidishia bibi yako maradhi baada ya kufa. Na wewe ukawa unasema mwambie namsalimia, na mimi nasema ntamwambia.

Halafu ikaja hotuba yako. Mwisho wa mwezi wa pili, kila mwanafunzi wa darasa lenu asimame mbele azungumze Kijapani dakika tatu bila kutazama karatasi, na mada ni mtu unayemkumbuka nyumbani. Uliniletea video. Nikaitazama peke yangu jikoni. Sikufahamu neno hata moja, lakini nilikuona umevaa lile gauni la buluu, mikono umeibana pamoja mbele, shingo umeinyoosha, na katikati ya maneno yale nikasikia wazi: Bibi. Bibi. Malindi. Bibi. Wenzako wakapiga makofi, na yule mwalimu wako mwenye nywele fupi akajifuta macho. Kisha ukaniletea sauti ya kunifasiria. Ulisema umewaeleza ulipoanza kujifunza hapa mjini kwa yule mwalimu wa Kijapani aliyekuja kujitolea, ulikuwa unabandika vikaratasi vya maneno kwenye mlango, kwenye kabati, kwenye mtungi, mpaka kwenye kitanda cha bibi, na bibi akawa anakuchokoza, "Hizo si herufi, hivyo ni vijiti vya kuwashia moto," lakini hakuruhusu mtu kuvibandua. Ukasema umewaambia kuwa ukirudi mwezi wa tatu utamsomea kila kikaratasi kwa sauti, naye atacheka. Na mwisho ukaniambia, "Mama, muoneshe bibi. Mtafsirie."

Zulfa, nilikuandikia: kaona, kacheka sana, kakuombea dua.

Ulikuwa na haki ya kunipigia kelele, na kama ungenipigia kelele kwa hilo tu ningeinamisha kichwa ukamaliza.

Lakini hukuishia hapo. Na hapa sasa naingia kwenye hasira nnayo nawe, na usidhani itakuwa ndogo kwa sababu nimeanza na yangu.

Ijumaa ile tuliyogombana nilikwambia nilikuficha kwa sababu nilitaka usome, kwa sababu ulikuwa unakwenda vizuri na sikutaka kukuvunja. Ukacheka. Kicheko kile sikukizaa mimi. Ukasema hukuwa unakwenda vizuri. Ukasema uliangushwa mtihani wa mwezi wa kumi na moja, ukarudishwa darasa la walioanza juzi, wewe na watoto wa Kinepali waliokuja nyuma yako miezi mingapi sijui, na ukaona haya. Ukaacha kwenda. Mwezi wa kumi na mbili wote na wiki tatu za Januari hukukanyaga skuli. Ulikuwa unakwenda kile kiwanda cha vyakula vya kufungasha, unasimama kwenye mkanda, unaweka kipande kimoja cha figili ya njano juu ya kila wali unaopita, unarudi, unalala na koti. Ukasema Jumapili ndiyo siku pekee uliyokuwa ukifunga mtandio vizuri, ukikaa dirishani penye mwanga, ukinipokelea simu, ukiniambia darasani salama, mwalimu ananisifu. Ukikata simu unarudi chini ya blanketi.

Na yule mwalimu mwenye nywele fupi ndiye aliyekuja kukugongea. Mwanamke wa watu, si ndugu, si jirani. Kakaa kizingitini na mfuko wa machungwa madogo, hakukuuliza kama hujambo. Kakwambia kaja kwa sababu anajua huna hali nzuri. Ukamfungulia.

Kisha ukanitazama ukasema, "Mtu baki kaja kunigongea mlango, mama. Wewe hukuuliza hata mara ya pili."

Nikakujibu vibaya. Nilisema ningejuaje, mtu yuko bahari ngapi huko, anasema yu salama, mimi ni mganga? Nilisema ulikuwa unanidanganya kama mtoto wa barabarani. Ukasema, "Nimejifunza kwako." Nikanyanyua mkono. Sikukupiga, lakini niliunyanyua, nawe uliuona. Ndipo Bi Zuwena akafunga dirisha.

Sasa nikujibu vizuri, kwa kuwa nimepata muda wa kufikiri.

La kwanza. Nilijua. Si yote, lakini nilijua. Jumapili tatu mfululizo niliona nyuma yako kikombe kile kile, mahali pale pale, na kijiko ndani yake. Niliona umekonda shingoni. Vile vikaratasi vya maneno ulivyokuwa umebandika ukutani vilikuwa vimeanguka viwili na hukuvirudisha. Mama anayaona hayo, hata kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Nikasema moyoni nikimuuliza atalia, akilia sitakuwa na la kumfanyia kutoka huku, basi wacha niseme Mungu akulinde nikate. Nilikuuliza hujambo, ukasema sijambo, nikashukuru kwa kuwa umenirahisishia. Niliogopa kilio chako. Hiyo ndiyo sababu, na ndiyo sababu ya kukuficha msiba pia, si mitihani, wala si neno la mjomba. Mjomba alinipa tu mahali pa kujificha.

La pili ni juu ya kujifunza kwangu. Umesema kweli, ila hujui ni kweli kiasi gani.

Nilikuwa na miaka kumi na nane, wewe una miezi mitano, tunakaa Matemwe kwa watu wa baba yako. Yeye alikuwa amekwenda kufanya kazi hoteli za Nungwi na akawa harudi, wiki, wiki mbili, na akirudi haleti kitu. Mimi nililima mwani na mawifi zangu. Unaingia maji yakitoka, umeinama, unafunga vishina kwenye kamba, mpaka maji yarudi. Chumvi ilinipasua mikono, vidole vikachanika kwenye maungio, nikawa nakunyonyesha nimeifunga kwa vitambaa. Nilikula mara moja kwa siku. Bibi yako akaja kututazama kutoka mjini. Nilipata habari kuwa yuko njiani, nikakimbia kwa jirani nikaazima mchele, nikaazima samaki, nikaazima hata sahani nzuri, nikampikia mama yangu chakula cha watu walioshiba. Mikono nikaificha ndani ya buibui. Akaniuliza, "Asma, hali yako?" Nikasema salama mama, alhamdulillahi, hatuna shida. Akala, akakubusu, akaondoka na gari ya saa tisa. Usiku ule nilikula ukoko.

Ilipita miezi kumi na moja ndipo nikarudi Malindi nimekubeba mgongoni, na talaka yangu. Siku ya pili yake tuko hapa hapa jikoni, nikamwambia mama, wewe hukujua nilivyokuwa nateseka. Bibi yako akaendelea kukuna nazi. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Niliiona mikono yako wakati unaninawisha. Nilikuwa nangoja useme."

Nangoja useme. Miezi kumi na moja, Zulfa. Nilikaa miezi kumi na moja kwenye maji ya chumvi kwa sababu mimi sikusema na yeye hakuuliza mara ya pili, na kila mmoja wetu alidhani anamhurumia mwenziwe. Nilimkasirikia kwa neno lile miaka na miaka. Nilimpikia, nilimkogesha, nilimsugua miguu, na ndani nikawa nalo. Sikumwambia hata siku moja. Kisha nikaja nikakufanyia wewe vile vile, jambo lile lile hasa nililomkasirikia yeye.

Kwa hiyo usiniambie umejifunza kwangu kama kwamba mimi niliibuni. Na usijisamehe pia kwa sababu hiyo. Wewe umesoma kunishinda. Unajua kuandika kwa herufi za namna tatu. Unaweza kusimama mbele ya watu wa mataifa sita ukazungumza lugha ya mbali namna ile bila karatasi, halafu unashindwa kumwambia mama yako kwa Kiswahili kuwa umeanguka mtihani? Nna hasira. Nikikufikiria umelala na koti, mchana, peke yako, na mimi niko juu darini nakwambia bibi anakusalimia, nataka kuvunja kitu. Mtu na mtoto wake, kila Jumapili, wanatoleana salama ambayo hakuna hata mmoja wao anayo.

Na sasa unarudi chumba kile kile. Umeniambia mwenyewe kuwa skuli imekusamehe mara moja tu kwa kukosa masomo. Ukikosa tena hivyo wanakurudisha nyumbani, na miaka yako yote ya vikaratasi itakuwa imekwisha. Baridi itarudi, mkanda wa figili utarudi, na huenda ukaangushwa tena mtihani, maana lugha yenyewe kila ukidhani umeifika inakutolea herufi mia nyengine. Huyo mwalimu hatakuja kugonga kila mwaka. Mimi nataka uende. Usije ukadhani hasira yangu ni ya kukuzuia. Nataka uende, umalize, uwe mfasiri, au mwalimu, au chochote utakachokuwa, na siku moja nikuone unasimama na wageni hapa mjini unazungumza kwa ile sauti yako nyengine, ile unayoitoa ukizungumza Kijapani, laini kuliko unayonijibia mimi. Naitaka siku hiyo kuliko ninavyotaka pumzi. Ndiyo maana siwezi kukuacha uondoke kesho na hili la mwisho limebaki tumboni mwangu.

Nimekaa nalo tangu Ijumaa ile. Nilitaka nisikwambie. Nilisema huyu keshaumia, wacha nimpumzishe, wacha nimhurumie. Halafu nikajisikia mwenyewe ninavyosema.

Watu waliokuja kukupa pole wote wamekwambia bibi alikufa akikutaja. Si kweli. Hakuna aliyekuwepo ila mimi. Bibi alipatwa Jumatano, presha ilipanda, upande mmoja ukawa mzito, tukampeleka hospitali wakampa dawa wakaturuhusu turudi. Alhamisi asubuhi alikuwa anazungumza, polepole lakini anazungumza. Akaniambia nimpigie Zulfa. Nikasema mama, Zulfa ana mtihani kesho Ijumaa, kasema wiki hii tusimpigie katikati, tutampigia Jumapili. Akasema tena nimpigie. Nikasema Jumapili, mama. Akanikasirikia. Alinigeuzia uso ukutani, hakuzungumza nami tena. Jioni ulimi ukafunga. Jumamosi alfajiri akaenda zake. Neno la mwisho alilonambia bibi yako ni "nipigie Zulfa," na mimi nilikataa kwa sababu ya mtihani.

Na wewe umeniambia Ijumaa ile kuwa wiki hiyo hukuwa na mtihani. Ulikuwa chumbani, umelala. Ulikuwa umesema una mtihani ili nisikupigie nikakuona.

Hapo ndipo penye hasira yangu, Zulfa. Sikunyanyua mkono kwa ajili ya kicheko chako. Nilifanya hesabu hiyo kichwani wakati ule ule unazungumza, nikaona bibi yako alikuwa hai, na ulimi wake upo, na simu ipo mkononi mwangu ina chaji, na wewe uko kitandani huna kazi yoyote, na uongo wako na uoga wangu vikakaa katikati.

Siandiki haya nikupe mzigo ubebe peke yako. Nusu yako ni ndogo. Wewe ulisema uongo ukiwa mgonjwa wa moyo, hukujua unazuia nini. Mimi nilikuwa na mama yangu mbele yangu, ananiomba kitu cha dakika mbili. Mtihani ungekuwepo hata mia, nilikuwa na haki gani? Yangu ndiyo kubwa na nitakwenda nayo kwa Mola wangu. Lakini yako ni yako, na sitakuchukulia. Nikikuchukulia itakuwa tena yale yale ya kuhurumiana.

Sitaki ahadi. Nakuomba jambo moja. Jumapili nikipiga, siku ambayo hukwenda darasani niambie mama leo sikwenda. Sitakuwa na dawa. Pengine ntalia, pengine ntakupigia kelele, pengine ntanyamaza kwa kutojua la kusema. Vumilia. Mimi nami ntakwambia. Nianze leo: sijaingia chumba cha bibi tangu siku alipotolewa. Vikaratasi vyako vya kitandani kwake vimo humo vyote, kwa kuwa sikuthubutu kuvibandua. Silali vizuri. Nakuogopa wewe, mwanangu wa kumzaa, naogopa utaingia kwenye ndege kesho usigeuke.

Barua kama hizi mtu huzitia ndani ya begi, kati ya nguo, mtoto aje kuziona akishafika mbali. Nilitaka kufanya hivyo. Nilikwishaikunja hata. Lakini naona ni ujanja wa kukwambia nikiwa sipo, nisione uso wako.

Basi nakuletea mkononi. Maghribi haijaadhiniwa, mwanga bado upo wa kusomea. Usome mbele yangu, nimekaa kwenye kitanda chako, sitasema neno mpaka umalize. Ukimaliza niambie lolote ulilonalo, hata kama ni kwamba huwezi kunisamehe. Usinijibu naam.

Nanyanyuka.

Mama yako, Asma